Wazee wa Safu ya Kwanza

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa shule ametangaza: Ijumaa anateua mkuu wa maabara. Ni mimi, msaidizi wa maabara wa miaka nenda miaka rudi, au Miwani, msaidizi mwenzangu aliyekuja juzi juzi tu. Kila mmoja ataonyesha jaribio moja. Cheo kina ofisi, na ofisi ina feni. Naitaka feni ile mpaka naiota! Miwani amenitakia kila la heri. Mnafiki.

Jumanne, 4 Machi
Nimeshinda nikilikodolea macho jedwali la elementi ukutani. Visanduku na herufi tu! Miwani akapita, akanieleza bila kuombwa kwamba zimepangwa kwa idadi ya protoni, na kwamba zilizo kwenye safu moja ya kwenda chini ni kama ndugu, tabia zao zinashabihiana. Ukiijua moja, unaweza kuzibashiri nyingine. Nikamjibu kwamba hayo nayajua siku nyingi. Uongo mtupu. Lakini ndugu! Hapo amenishika pazuri. Mambo ya ukoo nani anayajua kama mimi, mtoto wa sita kati ya tisa?

Jumatano, 5 Machi
Nimefanya majaribio nyumbani. Shaba, fedha na dhahabu zimo safu moja. Mke wangu analilia herini za dhahabu tangu mwaka jana, basi nimempelekea za shaba, nikamweleza kitaalamu kwamba ni ukoo uleule. Akasema vizuri sana, hata yeye na dada yake ni ukoo uleule, kwa hiyo leo nikale kwa dada yake. Nimekula kwa shemeji. Mumewe hakuchangamka.

Alhamisi, 6 Machi
Mazoezi. Safu ya kwanza: lithiamu, chini yake sodiamu, chini yake potasiamu. Zinakaa ndani ya mafuta kama samaki wa kopo. Nikatupia majini kichembe cha lithiamu. Ikatoa mapovu taratibu, ikaisha. Sodiamu ikajikunja donge, ikakimbia huku na huko juu ya maji ikipiga kelele. Nikaelewa papo hapo! Lithiamu ni mtoto mchanga. Sodiamu ni kijana, damu inachemka. Potasiamu atomu zake ni nzito zaidi, mtu mzima na heshima zake. Itatulia. Sikuijaribu, imebaki kidogo, naiweka kwa ajili ya mkuu.

Miwani kaja mbio kusema ni kinyume chake, kadiri unavyoshuka safu ile ndivyo ukali unavyozidi, kwa sababu elektroni ya nje iko mbali na kiini na inaponyoka kirahisi. Eti kipande kisizidi punje ya mchele, na niweke kioo cha kinga. Nimeshamjua. Anataka jaribio langu lionekane dogo!

Ijumaa, 7 Machi
Miwani alianza. Puto la heliamu. Akasema elementi za safu ya mwisho hazijishughulishi na mtu, akalisogezea moto, puto likapasuka na heliamu isiwake. Mkuu akapiga miayo. Moyoni nikacheka.

Zamu yangu. Nikamwomba mkuu asogee karibu, aone utulivu wa mtu mzima. Nikatupia potasiamu yote.

Mwali wa zambarau. Mlipuko! Beseni vipande vipande, maji mpaka darini. Miwani alikuwa ameshamvuta mkuu nyuma kwa koti, kwa hiyo hakuumia, ila unyusi wake wa kushoto haupo tena. Mkuu akauliza kwa sauti ya chini kama niliwahi kulijaribu jambo hili. Nikamwambia ukishajua ukoo wa mtu huna haja ya kumjaribu.

Feni imekwenda kwa Miwani. Nimeumia, sifichi. Nimeumia sana.

Jumatatu, 10 Machi
Nimehamishiwa stoo ya michezo, kulinda mipira. Joto la kufa mtu. Miwani amekuja kunipa pole na jedwali dogo la elementi, nisome polepole. Nimelisoma kutwa nzima, na kosa langu nimelipata. Sikushuka vya kutosha! Potasiamu ni wa makamo tu, bado ana hasira. Chini yake kuna rubidiamu, halafu sesiamu. Hao ndio wazee wenyewe. Nimempigia muuza kemikali, nimeagiza sesiamu. Kipande kikubwa. Mkuu nitamkalisha mstari wa mbele kabisa.