Jinsi Nilivyompatia Mke Wangu Lori

Jumanne, 2 Julai 1991

Yuliana amesema Ijumaa anakata koliflawa zake zote, na Jumamosi lori lisipoonekana, nifungashe nirudi kwa mama yangu. Kayasema hayo mbele ya mjomba wake, Mzee Anselmi, mwenye sauti juu ya mashamba yote ya ukoo wao hapa Mgeta. Mjomba hakunitetea. Aliuliza tu kama mama yangu bado yupo hai. Mtu wa miaka arobaini na nne, nirudi kwa mama!

Kisa ni yule dereva wetu wa siku zote. Wiki iliyopita nilimwambia siku hizi ni ruksa, soko huria, malori yamejaa tele, asituringie. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akawasha lori, akaenda kubeba mizigo ya jirani. Sasa kila akipita anapunga mkono na hasimami.

Wasiwasi sina. Mjini Morogoro kuna Andrea, tuliyesoma naye shule ya misheni, na nasikia ana lori. Nimemwahidi Yuliana lori la Andrea kama vile nimelipaki nyuma ya nyumba. Naondoka kesho. Nimeazima koti la Katekista Dominiko. Nimemwambia nina msiba.

Jumatano, 3 Julai

Nimeingia mjini saa tano, juu ya magunia ya njegere za watu. Mji umechangamka, we acha! Zamani sabuni tuliipangia foleni tangu alfajiri. Leo sabuni ndiyo inayokukimbilia barabarani na kukushika mkono. Mitumba mpaka ukingoni mwa mitaro. Kila kibanda na redio yake. Nimeitwa bosi mara nne kabla sijafika Mji Mpya, anakokaa Andrea. Koti linafanya kazi.

Mkakati wangu: nisiombe. Mwenye shida watu humkwepa. Andrea akiniona nimetakata, lori atalitoa mwenyewe ili tushirikiane. Akili hiyo!

Nimemkuta nje ya nyumba yake, kitambi mbele. Andrea ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi ni watani wetu Waluguru, kwa hiyo hakunisalimia kama binadamu. Alipiga kelele mtaa mzima usikie kwamba leo mlima umeoga na uchafu wake ndio huu umeshuka. Tukakumbatiana. Miaka ishirini na mbili! Machozi yalinilenga, sioni haya kuandika.

Akauliza nini kimenileta. Nikasema nimekuja kutafuta tairi za lori langu.

Lori langu! Sijui lilitokea wapi. Lilitoka tu, na lilitoka vizuri. Andrea akanipa mkono upya, safari hii kwa mikono miwili. Akasema basi afadhali, maana alitaka kuniuliza kama huko Mgeta kuna mzigo. Lori lake halina kazi mpaka Jumatatu. Lakini kwa kuwa ninalo langu, hatanisumbua.

Nimelala kwake. Godoro zuri. Usingizi sikupata.

Alhamisi, 4 Julai

Marekebisho madogo. Wakati wa chai nimemwambia Andrea kwamba lori langu limeharibika. Nilitegemea aseme chukua langu. Badala yake akaenda kumwita fundi! Rafiki wa kweli ni balaa.

Fundi akauliza lori lipo wapi. Nikasema Dodoma. Andrea akasema Dodoma ana shemeji mwenye gereji, apigiwe simu sasa hivi. Nikasema ninavyojua mimi limeshaondoka Dodoma. Fundi akauliza limeondokaje wakati limeharibika. Swali la kijinga sana. Nikasema linavutwa.

Mchana Andrea kanitembeza mjini kunitambulisha. Huyu ndiye Gervas, tajiri wa milimani. Watu wameniheshimu mno. Kesho anamwalika Mikaeli, mwenzetu wa darasa la saba, tule pamoja. Mbele ya Mikaeli nitapata upenyo.

Ijumaa, 5 Julai

Wali wa Dakawa, kuku mzima. Nikatazama lile paja nikamwona Yuliana shambani, ameinama na panga, anakata. Koliflawa ikishakatwa haimsubiri mtu. Nikaona basi, ukweli.

Nikasimama. Nikawaambia Andrea, mkewe Hosiana na Mikaeli kwamba lori sina. Sijawahi kuwa nalo. Hata koti hili ni la katekista. Mke wangu anakata koliflawa saa hii kwa kuniamini mimi, na kesho zikikosa lori ananirudisha kwa mama yangu.

Wakaangua kicheko! Mikaeli alianguka na kiti. Andrea alisema tangu azaliwe hajamwona Mluguru akijitania mwenyewe kabla mtani hajafungua mdomo. Nikaapa kwa Bikira Maria. Wakazidi. Hosiana akaniomba nirudie kipande cha mama, akaita na jirani aje asikie. Nikarudia, kwa uchungu. Jirani akasema nina kipaji.

Kisha Andrea akasema mtani akikiri koti si lake, basi ni halali ya mtani mwenzake. Akanivua, akalivaa, akatoka nalo barabarani kuringa.

Ule uongo waliuamini kama Injili. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia.

Jumamosi, 6 Julai

Asubuhi nipo na shati tu, naumega mkate, nani anabisha hodi? Yuliana! Kaja na lori lililobeba mizigo ya jirani yetu, kiti cha mbele kando ya yule dereva wetu wa zamani. Mkononi koliflawa moja kwenye kanga.

Akasalimia kila mtu kwa utaratibu. Mimi wa mwisho. Akaweka koliflawa mezani, akamwambia Andrea ana matenga sitini kando ya barabara kule Mgeta, na analihitaji lori leo. Basi. Hivyo hivyo tu!

Andrea akaanza utani wake, akauliza kama Waluguru siku hizi wanakula maua. Yuliana akamjibu kuwa babu zake Andrea walibeba pembe za ndovu toka Tabora hadi pwani kwa miguu, vipi yeye ashindwe matenga sitini tena kwa injini? Andrea alicheka mpaka akashika mlango. Akachukua ufunguo. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Mlangoni akageuka. Akauliza, shemeji, na lori la Gervas je?

Yuliana akanitazama. Muda mrefu. Akasema lipo gereji.

Njiani, tukiwa wawili nyuma ya lori na Andrea kwenye usukani, hakunisemesha mpaka Mzumbe. Pale akasema ni mara ya kwanza na ya mwisho anasema uongo kwa ajili yangu, na nyumbani nabaki kwa sharti hilo moja tu. Nilimshika mkono. Hakuutoa.

Jumapili, 7 Julai

Mzigo umeshafika Dar, mapema kabisa kwa Sabasaba. Mzee Anselmi amenipa mkono. Mkakati wangu umefaulu kwa asilimia mia. Nisingeshuka mjini, Yuliana angemkuta Andrea kwa nani?

Jana wakati tunapakia, Andrea aliniuliza kama tunalima stroberi, kuna mtu wa hoteli anazitafuta. Nikasema tunazo ekari mbili; zilitoka tu, kama lile lori langu. Wanakuja kuziona Jumatano. Nikamwambia akiwa na shaka amuulize mke wangu, yule hasemi uongo.