Mashindano Makali ya Tovuti Saba za Bwana Cachia

Mamlaka ya Ulinganisho wa Michezo ya Bahati ilitangaza Jumatatu asubuhi, kwa furaha isiyo na kifani, kwamba raia wa Malta sasa ana uhuru kamili. Anaweza kubeti na kucheza kasino mtandaoni katika tovuti saba zinazoshindana vikali, na Mamlaka itazilinganisha zote kisayansi ili asije akachagua vibaya. Kwamba tovuti zote saba zinaendeshwa kutoka ghorofa moja pale mjini Gżira, yenye choo kimoja, tangazo halikusema. Mamlaka haipendi kuwachosha wananchi.

Kazi ya kulinganisha alipewa Spiru Zerafa, Mlinganishi Mwandamizi Daraja la Pili, aliyetumikia Mamlaka miaka kumi na tisa bila kuuliza swali. Safari hii alikuwa na swali moja, nalo lilikuwa limekaa jikoni kwa mama yake likimenya viazi.

Swali hilo liliitwa Wenzu, mdogo wake. Wenzu ni fundi wa kuchonga mawe, na mikono yake haina mfano, lakini kubeti kulikuwa kumemlia gari, uchumba na mashavu. Mwezi wa pili alijaza fomu ya kujizuia, ya kuomba asiruhusiwe tena kucheza, katika tovuti ya Taji Jekundu, huku analia. Siku ya tatu, Nyota ya Buluu, ambayo hajawahi hata kuifungua, ikamtumia salamu: "Wenzu, tumekukumbuka!"

"Nimeshazifunga tatu, kaka," alisema Wenzu. "Nikifunga moja, nyingine inabisha hodi. Leo ya nne imenitumia picha ya keki. Wamejuaje kama ni siku yangu ya kuzaliwa?"

"Usiifungue."

"Leo sijaifungua. Kesho sikuahidi. Nguvu zinaniishia, kaka, nakwambia ukweli."

Mama yao hakugeuka kutoka kwenye jiko. "Mimi nimeoka keki yenyewe, si picha," alisema, na sauti yake haikuwa nzuri.

Spiru aliijua Kanuni ya 14 kwa moyo: anayejizuia kwa mmiliki mmoja amejizuia katika tovuti zote za mmiliki huyo. Ni kanuni nzuri sana, na ndiyo maana haikuwahi kutumika. Kwenye karatasi, Bwana Grezzju Cachia, aliyeziendesha zote saba pale Gżira, hakumiliki hata tovuti moja. Walizimiliki mkewe, mama mkwe wake, kinyozi wake na jamaa wengine, na ile ya Taji Jekundu ilikuwa ya marehemu mjomba wake, ambaye tangu azikwe hajakosa kusaini ripoti ya mwaka.

Spiru alimpelekea swali lake Mkurugenzi Mkuu, Bwana Psaila.

"Hao ni washindani, Spiru," alisema Bwana Psaila kwa upole. "Mtu akigombana na duka moja, tumfungie na la jirani? Huo ni ukatili."

"Na kama duka ni lile lile, Bwana Mkurugenzi?"

"Lingekuwa lile lile lisingekuwa na majina saba. Tumia akili, bwana."

Spiru aliiandika hoja hiyo kwenye daftari, kisha akaanza sayansi. Alipiga simu ya huduma kwa wateja ya Nyota ya Buluu. Akapokea dada mmoja mwenye mafua. Alipiga ya Taji Jekundu. Akapokea dada mmoja mwenye mafua.

"Dada, si wewe tuliyeongea sasa hivi?"

"Hapana, bwana. Wale ni washindani wetu. Watu wa hovyo kabisa wale." Akapiga chafya. "Karibu Taji Jekundu."

"Ugua pole."

"Ahsante. Hata hapo mwanzo ungenipa pole, lakini haidhuru."

Magurudumu ya bahati yalikuwa yale yale, masharti yalikuwa yale yale, na hata kosa la tahajia katika sharti la tisa lilikuwepo mara saba. Vigezo vyote vikatoka sare. Hapo mwongozo unamwachia Mlinganishi apange nafasi kwa busara yake.

Kijijini kwa kina Spiru, ambako ndiko kwao Bwana Cachia pia, kuna bendi mbili za sikukuu, ya Wekundu na ya Buluu. Mtu wa Buluu hanunui mkate kwa mwokaji Mwekundu, hata kwa njaa. Bwana Cachia ni mwenyekiti wa Wekundu. Taji Jekundu aliifungua kwa ajili ya watu wake, na Nyota ya Buluu aliifungua ili awakamue wale wengine. Spiru naye ni Mwekundu, tena wa kubeba bendera, kwa hiyo aliandika haraka, bila kuangalia karatasi: Nafasi ya kwanza, Nyota ya Buluu. Nafasi ya saba, Taji Jekundu.

Matokeo yalisomwa Ijumaa adhuhuri katika ukumbi wa hoteli, mbele ya kamera na sinia za pastizzi, zile sambusa za jibini za Kimalta. Bwana Cachia alikuwa amekaa mbele, tayari kumpongeza mshindi yeyote. Alipolisikia jina la mwisho, alisimama na pastizzi mkononi.

"Buluu juu ya Nyekundu? Wewe Spiru una wazimu? Badilisha!"

"Rufaa hukatwa na mmiliki peke yake, mheshimiwa," alisema Spiru. "Na mmiliki wa Taji Jekundu ni marehemu mjomba wako. Tumngoje?"

Mtu mmoja wa Buluu, kule nyuma ukumbini, alianza kupiga makofi polepole.

"Mjomba gani! Ni yangu!" alinguruma Bwana Cachia. "Hata hiyo Nyota ni yangu, na ushindi wake siutaki! Zote saba ni zangu, nani hajui? Lete hiyo fomu ya rufaa!"

Spiru akaileta, kwa kuwa alikuwa nayo mfukoni. Bwana Cachia akaorodhesha tovuti zake zote saba, akasaini kwa hasira mbele ya kamera, na Bwana Psaila, asiyependa rafiki yake acheleweshwe, akagonga muhuri bila kusoma. Rufaa ilikubaliwa, na Taji Jekundu likapewa nafasi ya kwanza. Kanuni ya 14 ilianza kazi saa ile ile.

Jumamosi mchana, jikoni, Wenzu alijaribu tovuti moja baada ya nyingine huku kaka yake anatazama. Zote zilimjibu kwamba alishajizuia. Akaiweka simu mezani kifudifudi, akavuta bakuli la viazi, akashindwa kumenya kwa muda kwa sababu macho yalikuwa yamejaa machozi.

Simu ya Spiru ikalia.

"Kuna hitilafu kwenye mfumo," alisema Bwana Psaila. "Nina rafiki yangu, alijizuia tovuti moja tu, miaka sita iliyopita. Leo zote zinamkatalia, na mechi inaanza saa tisa!"

"Pole yake, Bwana Mkurugenzi. Aje akate rufaa, mwenyewe, na kitambulisho, mbele ya waandishi wa habari."

"Spiru," ilisema ile sauti, sasa ndogo kabisa, "yaani hakuna hata moja?"

"Hakuna."

"Nani huyo?" aliuliza mama.

Spiru alikuwa ameufunika mdomo wa simu kwa kiganja. "Mwenzake Wenzu," alisema. "Ongeza viazi."