Meka Mupya ya Leta

Radio ilitangaza asubui, na muziki mbele: Leta, ni kusema serikali, imeshinda bei kali. Kuanzia leo, bei ya bunga ya mahindi inashuka nusu mu Lubumbashi muzima.

Mama Chola alisikia vile akiwa ku meza yake, pa soko ya Bel-Air, meka mu mukono, ile kopo ya bati yenye banapimiaka bunga. Alifurahi. Kisha akajiuliza nani alienda kuambia mahindi.

Saa tatu Papa Symphorien, Direktere wa Ofisi ya Kushusha Bei, akafika na meka mupya. Ilikuwa nusu ya ile ya zamani.

"Papa Direktere, hii haiko kikombe ya chai?"

"Hii njo politiki ya uchumi, mama. Tuliikalia mukutano miezi nane. Meka moja, nusu bei. Bei imeshuka ao haikushuka?"

"Imeshuka, papa. Na njala?"

"Njala iko ku ministere ingine."

Akabandika sheria ku nguzo: mwenye atakamatwa na meka ya zamani, Leta itabeba meza yake. Chola akaangalia meza. Tangu bwana yake alikufa, zile mbao ine njo zilisomesha batoto. Akatoa meka yake. Meka za soko nzima zikapandishwa mu motokari ya Ofisi.

Numbi, jirani mwenye kununua bunga kila siku, akalalamika: "Yaya Chola, zamani nilinunuaka meka moja. Leo mbili, na makuta ninalipa ni ileile."

"Nyamaza, utapandisha bei."

Mambo ikaendelea muzuri sana, na Leta ikapatia bakubwa ba Ofisi zawadi: kila mwezi, meka makumi tano ya bunga ya kwa Chola. Naye akapima na meka ya sheria, ile ndogo. Nyuma ya siku kumi Symphorien akarudia kwa miguu, akatoa mu koti meka ya zamani.

"Mama, bunga imeisha, kwangu tuko bengi. Pima na hii, polepole."

Mukono ikamushika. Ilikuwa Ngosa, mukaguzi mupya wa Ofisi, alitoka Lukafu juzi, hakujua sura ya mukubwa hata moja.

"Ile meka ni ya huyu mama," Symphorien akasema mbio.

Chola akashika meza yake na mikono mbili. "Yangu ni ile ndogo, mwana. Ile inatoka mu koti yake. Uliza Numbi."

"Gusa," Numbi akasema. "Ingali na joto ya kwapa."

"Papa, meza yako iko wapi?" Ngosa akauliza.

"Miye niko Direktere."

"Niliuliza meza."

Sheria haikusema ni meza ya soko tu. Bantu babili ba shariyo, ile mukokoteni ya kubebea mizigo, bakapanda ku Ofisi, bakashusha meza ya mbao nzito, telefone ingali juu. Kesho yake raporti ya Symphorien ikatoka, sahihi yake ya kupinda-pinda sababu aliiandika ku magoti: sheria inafanya kazi muzuri, haichague muntu.