Gurudumu la Shimo la Nguvumali

Inatangazwa kwa raia wote wa Tanga, wenye magari na wasio nayo, wenye viatu na wanaokwenda pekupeku, kwamba tatizo la mashimo barabarani limekwisha. Mashimo yenyewe yapo palepale. Lililokwisha ni tatizo.

Nayasema haya nikiwa na madaraka ya kuyasema. Mimi Timotheo ni Karani wa Kamba katika Ofisi ya Mwendo Mwema, na kamba ninayoishika ndiyo ya kupimia barabara. Wasioijua serikali husema kamba ni kamba tu, hata ya kufungia mbuzi. Kamba yangu ina mhuri.

Mkuu wetu ni Mzungu mmoja mrefu ambaye watu wa mjini wamempa jina la Bwana Taratibu. Mwenyewe anadhani ni jina la sifa, nami sijaona sababu ya kumharibia siku. Masika yaliyopita, mvua ilipoitafuna barabara ya Nguvumali mpaka ng'ombe wakawa wanaikwepa, alituita ofisini mimi na Massoud, dereva wake, Mpemba wa maneno machache na yote ya kuudhi. Sisi watatu ndio Kamati.

"Watu nasema ziba shimo, ziba shimo," Bwana akaanza. "Ziba leo, kesho mvua nakuja, shimo narudi. Kazi bure! Akili ni hii: hapana tengeneza barabara. Tengeneza gari. Tia gurudumu kubwa."

Nikapiga makofi. Massoud akakuna kichwa.

"Bwana, gari ya ofisi ni moja," akasema. "Na hao wengine wendao kwa miguu je?"

"Hao hapana gurudumu," Bwana akajibu, na hoja ikafungwa.

Kuchagua gurudumu si mchezo. Tuliletewa kitabu cha picha kutoka Ulaya, tukakiinamia kutwa nzima. Kulikuwa na gurudumu la spoki zinazong'aa, tukaliona lina maringo. Kulikuwa na la trekta, kama yale ya mashamba ya mkonge, tukalikataa kwa kukosa heshima; ofisa hawezi kufika barazani kwa watu amepanda gurudumu lenye harufu ya shamba. Mwisho tukaliafiki moja pana la chuma, lenye mpira mnene ukingoni na sahani ya shaba katikati. Bwana alilipapasa kwenye picha. Kilichobaki ni kujua ukubwa, na hapo ndipo alipotoa kanuni ambayo nataraji itafundishwa shuleni: kila mguu una kiatu chake, basi na kila shimo lina gurudumu lake. Tukaenda kulipima shimo kubwa kuliko yote.

Shimo hilo liko Nguvumali, hatua chache kutoka baraza ya Bi Mboni, upande wa kwendea hospitali. Bi Mboni ni mwanamke mtu mzima, muuza vitumbua, na ulimi wake unajulikana mpaka Mabawa. Tulimkuta yuko jikoni kwake pale barazani, mafuta yanachemka.

"Shikamoo, Bi Mboni," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kuziba?"

"Tumekuja kupima."

"Kupima nini?"

"Shimo. Linaagiziwa gurudumu."

Akakigeuza kitumbua. "Yarabi! Nimeona biarusi akipimiwa nguo, nimeona maiti akipimiwa sanda. Shimo kupimiwa, hili ndo nalisikia leo." Kisha akauweka mwiko chini, sauti ikabadilika. "Sikiza, mwanangu. Mwaka jana teksi ilikwama papo hapo, binti yangu Sabiha ndani, uchungu ushamshika. Mpaka tunaitoa, mtoto kafa. Sasa ana mimba nyingine, na kabla ya vuli atajifungua. Nakuomba kama mzazi wako, lizibeni."

Nilisikitika, wallahi nilisikitika. Nikaandika pembeni ya vipimo: shimo linafahamika vizuri kwa wenyeji.

Magurudumu yakaagizwa. Bwana, mtu wa kuona mbali, akatambua hatari moja: endapo shimo litabadilika wakati magurudumu yako melini, yatafika yakose pa kuingia. Akatoa amri, nami nikaisimamisha kwenye kibao kando ya barabara: SHIMO LA SERIKALI. MARUFUKU KULIZIBA, KULIPUNGUZA WALA KULIGUSA.

Bi Mboni alikitazama kile kibao akasema yeye macho hayana kisomo. Jumamosi yake akaitisha msaragambo. Wanaume walikuja na majembe, wanawake na makarai ya kifusi na mawe ya pwani, na vitumbua vikaliwa bure. Kufika adhuhuri shimo halipo. Bakar, dereva wa teksi wa mtaa ule, akapita juu yake na gari lake makusudi, akarudi, akapita tena, na vigelegele vikasikika mpaka kanisani kwetu, tulikokuwa tunafanya mazoezi ya kwaya.

Jumatatu Bwana akalikuta pengo la shimo. Rangi ilimtoka, na rangi yenyewe hakuwa nayo nyingi.

"Nani naiba shimo?" akauliza.

Askari wakaja. Ikaamriwa kwamba mali ya serikali irudishwe na waliohusika, katika hali ile ile, chini ya usimamizi wangu. Hapa ilibidi nitumie ujuzi. Shimo la kwanza lilichimbwa na mvua, na mvua haina elimu. Kingo zake zilikuwa zimelegea, unaingia polepole na unatoka polepole. Vipimo vyangu havikuwa na mambo ya polepole. Vilikuwa na upana na kina. Kwa hiyo nikaagiza kuta zisimame wima kama za kisima, na kifusi kirundikwe kando ya barabara kingoje maelekezo.

Bi Mboni alichimba pamoja nao. Alikuwa analia kwa hasira, machozi hayafuti. Sabiha alikaa barazani, mkono tumboni, akinitazama mimi, wala si shimo. Sikulipenda jicho lile. Lakini kamba yangu haikuwa na kipimo chake, nikaendelea.

Magurudumu yakawasili, na siku ya kuyazindua ikafika. Gari lilisimama juu kiasi cha kuhitaji ngazi, ngazi ikafungwa ubavuni kwa kamba ya katani. Bwana alipoketi aliona makuti ya mapaa ya Mabawa yote. Barabara hakuiona kabisa.

"Shimo napotea!" akafurahi. Nikaandika kwamba mashimo yameanza kupungua.

Tukaenda Nguvumali, Bwana na Massoud mbele, mimi nyuma na kamba yangu. Watu walijipanga kututazama. Tulipokaribia, Massoud akapunguza mwendo.

"Bwana, nipite kando?"

"Gurudumu hii natoka Ulaya kwa sababu ya shimo hii. Ingia!"

Massoud akasoma bismillahi, akaingia.

Vipimo vyangu vilikuwa sahihi. Nataka hilo lijulikane. Gurudumu la mbele liliingia lote mpaka kwenye ekseli, mbele na nyuma hapakubaki nafasi ya kupenyeza kisu, na likakaa. Massoud alikanyaga mafuta mpaka moshi ukatufunika. Gari likainama, ngazi ikachomoka ikavunjika, na Bwana akabaki ameukumbatia mlango, miguu inaelea.

Wakati huo huo nyuma yetu ikalia honi. Ilikuwa teksi ya Bakar. Ndani yake alikuwamo Sabiha, uchungu umemshika, na mamake kampakata kichwa. Mkunga alikuwa amekwisha kusema mtoto amekaa vibaya, hili si la nyumbani. Upande mmoja wa barabara kulikuwa na mtaro uliojaa maji. Upande wa pili kulikuwa na kifusi, kile kile tulichokichimbua kwa amri.

"Sukuma!" Bwana akapiga kelele. "Toa gari! Ziba shimo hii upesi!"

Hakuna aliyejongea. Bi Mboni akashuka kwenye teksi, akaenda mpaka kwenye kibao, na yale macho yasiyo na kisomo yakasoma neno kwa neno: "Marufuku kuliziba, kulipunguza wala kuligusa. Bwana, sisi raia wema. Tulithubutu mara moja tukaletewa askari."

"Mimi natoa ruhusa!"

"Ya mdomo?" Bakar akauliza.

Ukweli ni ukweli, ikanibidi nieleze kwamba amri ya Kamati haifutwi ila na Kamati, ikiwa imeketi. Kwa bahati Kamati ilikuwa imetimia. Mmoja ananing'inia mlangoni, mmoja kabanwa na usukani, na mimi nimelalia kiti cha nyuma. Nikafungua kikao.

"Ajenda ya kwanza ni kusoma mambo ya mkutano uliopita."

Sabiha akapiga ukelele ambao sijapata kusikia mfano wake. Mambo ya mkutano uliopita yakanitoka yote kichwani.

"Timotheo!" Safari hii Bi Mboni hakuniita mwanangu. "Ukisoma neno moja jingine, hilo shimo tunakufukia wewe."

"Mie nshaafiki zamani," Massoud akasema.

"Mimi pia! Mimi pia!" Bwana akalia.

Amri ikafutwa kwa kauli moja. Watu wakalivamia gari. Wakafungua nati za gurudumu lililokwama, wakalinyanyua gari kwa mabega, wakalisukumia mtaroni pamoja na Bwana wake. Gurudumu likang'olewa, kifusi kikarudi shimoni. Juu yake, kwa kuwa kifusi kilipungua kidogo, wakalilaza gurudumu, nalo likakaa kama kifuniko cha chungu. Hapo pia vipimo vyangu vilisaidia. Teksi ikapita juu ya shaba, ikalia kidogo, basi. Umati wote ukaifuata mbio, na Bwana akabaki mtaroni juu ya gari lake, hana ngazi wala wa kumshusha.

Kabla ya magharibi Sabiha alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya bibi yake. Wakamwita Chiku. Niliposikia nilifurahi mpaka nikajishangaa.

Baadaye walikuja wakubwa kutoka Dar es Salaam kukagua barabara. Wakaisifu sehemu moja tu. Wakauliza pale pamezibwa kwa kitu gani, nikajibu kwa uaminifu: kwa gurudumu. Wakampongeza Bwana kwa ubunifu, wakaamuru yale matatu yaliyobaki yatumike vivyo hivyo. Sasa gari limekaa juu ya mawe uani mwa ofisi, kuku wanataga kwenye kiti cha mbele, na Bwana Taratibu anakagua barabara kwa miguu.

Jana, mvua za vuli zikiwa zimeanza, tulipita Nguvumali. Bwana alitumbukia kwenye kishimo kipya, tope mpaka juu ya soksi. Bi Mboni alikuwa barazani, Chiku mapajani, Sabiha anakanda unga.

"Pole, Bwana," Bi Mboni akamwambia kwa upole kabisa. "Wala usihangaike kuziba. Kamati itakuagizia kiatu kikubwa."

Baraza za pande zote mbili za barabara zikacheka. Bwana akanigeukia, uso mwekundu, akingoja nimtetee. Wajibu wangu naujua. Nikamwomba asiutoe mguu kwanza, nikapiga magoti kwenye tope, nikaikunjua kamba.