Matangi Tisa Dhidi ya Sita

Jumamosi, 3 Agosti

Tumetoka kwa wifi. Dada yake mume wangu, huyo huyo. Hana mume, hana mtoto, ana matangi sita ya samaki. Ameyapanga kwenye stendi ya chuma, matatu juu, matatu chini, kila moja na taa yake. Anazalisha samaki wa mapambo. Sebule yake inang'aa kama duka la simu. Yangu ina kamba ya nepi.

Sina wivu. Naandika tu nilichokiona.

Binti yangu, miaka minne, alikaa mbele ya vile vioo saa mbili nzima. Hakuomba maji. Hakuniita. Nyumbani huniita hata nikiwa nimemshika mkono. Tulipoondoka alilia mtaa mzima, kisha akanyamaza, akaniuliza kwa adabu kabisa kama anaweza kuhamia kwa shangazi. Nikamwambia kila mtoto hukaa kwa mama yake. Akafikiri. Akasema basi chekechea ikifungwa aende akae huko likizo yote, mimi nibaki na mdogo wake, maana mdogo hajui samaki.

Chekechea inafungwa tarehe 16. Wifi amekwisha sema atakuja kumchukua tarehe 17. Mume wangu anaona ni wazo zuri, eti nitapumzika. Nani kamwambia nataka kupumzika?

(Nataka sana. Lakini si kwa njia hii.)

Huyu mtoto nilimzaa kwa uchungu wa siku mbili. Sitanyang'anywa na samaki wa urefu wa kidole. Akitaka samaki, atawaona kwa mama yake. Na si sita.

Uamuzi: matangi tisa.

Jumapili, 4 Agosti

Nimeenda kwa wifi kurudisha sufuria. Sufuria ni yangu, lakini nilihitaji sababu. Wifi alisema hakumbuki kuniazima, akashukuru, akaiweka kabatini. Sasa ana samaki na sufuria yangu.

Lengo lilikuwa vipimo vya stendi. Futi ya kupimia ingeonekana. Mbeleko haionekani, nimeivaa kila siku kwa miezi saba. Wifi alipoingia jikoni kuchemsha chai, nikamshusha mtoto chini, nikanyoosha mbeleko. Fundo moja kwa upana. Fundo la pili kwa kimo. La tatu kwa urefu wa tangi. Nikagundua jambo: kati ya tangi na rafu iliyo juu yake wifi ameacha uwazi wa mkono mzima. Umekaa bure! Paka angeweza kulala humo. Hapo ndipo nitakapoichomeka safu yangu ya tatu.

Wifi akarudi na chai, akanikuta nimeikumbatia stendi. Nikasema kizunguzungu. Akanikalisha, akanipepea. Akasema nikitaka ya kwangu yeye atanichorea, maana alikosea mara mbili kabla ya kupatia. Nikamjibu mimi sina muda wa samaki, nina watu wa kulisha.

Wakati huo mdogo alikuwa amepindua kopo la chakula cha samaki na kula. Alitabasamu. Chakula changu hutema.

Hata wewe, mwanangu.

Jumatatu, 5 Agosti

Mdogo kalala. Nimechora ramani kwenye daftari la binti, katikati ya herufi zake. Safu tatu, matangi matatu kila safu. Juu: madume, majike, na wagonjwa. Katikati: wajawazito, kila mmoja chumba chake. Chini: watoto kwa umri.

Nimesoma sana kwenye simu. Nitafuga samaki wadogo waitwao gapi. Hawatagi, wanazaa watoto hai, na jike akijifungua ni lazima umtenge haraka, maana anageuka na kuwala. Kuku havunji yai lake, lakini samaki hajasoma methali. Nilishtuka. Halafu nikakumbuka juzi, mdogo alipokuwa akilia, binti kamwaga unga na mtu anagonga mlango. Sitawalaumu sana.

Jambo lililonichoma ni hili: hata samaki anapewa chumba chake cha kujifungulia na siku mbili za kupumzika peke yake. Mimi siku ya pili nilikuwa nafua.

Mume wangu alitazama ramani. Akaanza kuzidisha. Akasema maji peke yake yatakuwa na uzito wa ng'ombe, je, niko tayari kufuga ng'ombe sebuleni? Na meza ya kulia itaenda wapi? Nikamjibu meza haijawahi kumzuia mtoto asihame. Halafu akauliza kwa sauti ya chini kama dada yake anajua. Nikasema atajua siku atakayoona.

Alhamisi, 8 Agosti

Kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Nikampa ramani na mbeleko. Akaigeuza geuza mbeleko, akauliza vipimo viko wapi. Nikamwonyesha mafundo. Akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena, mafundo yakawa yale yale.

Tukashika kila mmoja upande wake, tukavuta, akapima. Mtu mpole. Aliniambia vizuri tu kwamba safu tatu kwa kimo hicho zitabanana. Akaweka vidole vinne juu ya ramani, kuonyesha uwazi utakaobaki. Akauliza:

“Mama, hapa mkono utapita wapi?”

Nikamwambia samaki hawana mikono. Akasema yeye anauliza wangu. Nikamwambia achomelee kama ilivyochorwa. Mafundi wana tabia ya kutisha wanawake.

Jumamosi, 10 Agosti

Imekuja! Nyeusi, imenyooka, bado inanuka rangi. Fundi akaweka pima maji kila rafu, kiputo kikakaa katikati. Matangi yakateleza mahali pake moja moja, kama mikate kwenye tanuri. Tisa. Mpira wa maji ukapita vizuri kwenye uwazi, tukajaza yote bila kumwaga. Mkono utapita wapi, kweli. Mpira si ulipita?

Meza ya kulia iko chumbani, imesimama kwa ubavu kati ya kitanda na ukuta. Mume wangu anaingia kitandani kwa kupitia miguuni.

Maji lazima yatulie siku kadhaa kabla ya samaki. Binti amekaa mbele ya matangi matupu. Kaniuliza samaki wako wapi. Nimesema wanakuja. Kaniuliza kama wako kwa shangazi.

Nimehesabu hadi kumi.

Jumatano, 14 Agosti

Siku ya samaki. Wifi ana gapi wa kumwaga, lakini kwake sichukui hata mmoja. Nilimchukua binti mapema chekechea, tukaenda kwa muuza samaki wa mapambo. Akauliza nataka wa aina gani. Nikasema wazuri kuliko wote. Akanionyesha na wengine, wa kijivu, wanene, wamepooza kama mimi saa kumi jioni. Kwa wifi wamejaa hao. Nikasema hapana, hao sitaki kuwaona. Nikachagua kumi na wanane kwa mkono wangu: mikia mirefu, bluu, nyekundu, manjano. Kila tangi wawili.

Binti akanivuta nguo. Akasema hawa wote ni akina baba. Nikamwambia wakubwa wanapozungumza watoto husikiliza. Muuzaji akakohoa na kuendelea kufunga mifuko.

Nyumbani. Nikakunja mikono ya gauni. Nikainua mfuko wa kwanza.

Haupiti.

Nikajaribu mkono. Vidole viliingia, kiganja kikakataa. Nikaupaka sabuni. Ukaingia, halafu ukakataa kutoka. Nilisimama hapo, mkono mmoja ndani ya stendi, mtoto mgongoni analia, hadi mume wangu aliporudi kutoka kazini. Hakucheka. Ila aliutoa mkono wangu akiwa ameelekeza uso wake ukutani, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Safu ya juu iko wazi, lakini ni ya kupanda stuli. Ya katikati na ya chini ndiyo hiyo. Kuvuta tangi lililojaa haiwezekani. Kuita fundi siwezi, atauliza lile swali lake.

Binti alikuwa akitazama. Akachukua kikombe chake cha plastiki, akachota samaki mmoja kutoka kwenye mfuko, akapitisha mkono wake mdogo kwenye uwazi kama anaingiza barua. Akainamisha kikombe taratibu. Samaki akaogelea.

Akawamaliza wote, pamoja na wa juu, nikiwa nimembeba. Kwa kila mmoja alisema karibu.

Ijumaa, 16 Agosti

Chekechea imefungwa. Binti amepanga mkoba: magauni matatu, mswaki, mto. Umesimama mlangoni tangu asubuhi. Nimeupita mara kumi na moja.

Lakini nina habari! Mmoja wa bluu ana tumbo. Nimemtazama kwa tochi. Ni mimba, na ya siku nyingi. Binti amemhamisha kwa kikombe, yuko tangi la wajawazito peke yake, nimemzimia taa apate utulivu. Akijifungua kabla ya kesho asubuhi mtoto haendi popote. Nani ataacha watoto wachanga?

Nimemsemesha huyo samaki. Nimemwambia mwenzangu, jikaze.

Amekula, amelala.

Jumamosi, 17 Agosti

Wifi amekuja saa tatu. Alisimama mbele ya matangi tisa muda mrefu. Nilijiandaa kuona wivu usoni mwake. Sikuuona. Aliingiza vidole vyake kwenye uwazi, akavitoa. Akainama safu ya chini. Akasimama. Akazunguka tena. Nikamwonyesha mjamzito wangu. Akamtazama kwa upole mwingi.

“Wifi yangu,” akasema, “huyu ni mlafi tu. Hawa wote ni madume. Wenye mikia mizuri ndio madume.”

Binti akasema alishaniambia.

Nikaenda jikoni kuangalia chai ambayo sikuwa nimeibandika. Nikasikia wifi anamwambia binti avae viatu. Nikasikia viatu. Nikashika ukingo wa sinki. Nilijiambia likizo ya wiki mbili si mwaka, nitalala mchana, nitakula chakula kikiwa cha moto. Hakuna hata kimoja nilichokitaka.

Halafu nikasikia binti anauliza, nani atawalisha? Wifi akasema mama. Binti akasema mama mkono wake haupiti. Wifi akasema baba. Binti akacheka kabisa, maana mkono wa baba ni kama koleo.

“Shangazi, siwezi kwenda. Nikiondoka watakufa njaa. Mimi ndiye mwenye mkono.”

Akavua viatu. Nikasikia zipu ya mkoba. Nikarudi sebuleni nikamkuta anatoa mto wake.

Ushindi! Nilitaka kushangilia. Lakini wifi alikuwa ameketi, na akawa anakunja yale magauni matatu, polepole, akiyalainisha kwa kiganja. Akasema si kitu. Akasema alikuwa amenunua kitanda kidogo, shuka zake zina samaki, lakini kitanda hakiozi. Nikamwonea huruma, ikanitoka kabla sijaizuia: nikamwambia awe anakuja kula nasi kila Jumapili.

Alifurahi mno. Tutakula sakafuni, meza haitoki chumbani.

Mchana akarudi na ndoo. Majike wanne, wale wa kijivu, wanne wote wana mimba za kweli. Zawadi. Nikasema asante. Ndoo yake ni nzuri kuliko zangu.

Jumamosi, 24 Agosti

Watoto ishirini na sita!

Wadogo kama nusu ya punje ya mchele, macho tu. Binti ndiye wa kwanza kuwaona asubuhi, akanitikisa, akanong'ona kama nesi. Tukafanya kazi pamoja. Mimi nilishika tochi na kumzuia mdogo, yeye aliwachota kwa kikombe mmoja mmoja na kuwapeleka tangi la watoto. Hatujapoteza hata mmoja. Tulipomaliza alikuwa amelowa hadi kwapani. Akalala mapajani kwangu, mkono wake umekunjamana kwa maji, nikaushika hadi ukakauka. Sikumbuki asubuhi nzuri kama hii. Nepi hazijafuliwa na sijali.

Ningeweka kalamu hapa.

Ila alipoamka ameanza kuwapa majina. Jike mkubwa, aliyezaa wengi kuliko wenzake, ndiye Shangazi. Yule mlafi wa bluu ni Baba. Kuna Mdogo, kuna Mwalimu, hata fundi ana samaki wake. Nikangoja. Mwisho nikauliza, bila kujali sana, mama ni yupi.

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jua ni lipi. Akasema wewe si samaki, wewe ni mama.

Nikambusu. Jibu zuri, la kumtosha mtu yeyote. Nikaenda kubadilisha nepi. Nilipofika katikati ya nepi nikasimama.

Kwa nini Shangazi awe ndani ya tangi langu, kwenye stendi yangu, na watoto kumi na mmoja, watu wakija waonyeshwe yeye, na mimi nisiwepo?

Jumatatu narudi kwa yule muuzaji. Namtaka mmoja tu, mzuri kuliko wote dukani, mwenye mkia mrefu unaoburuta kama gauni la bibi harusi. Huyo ndiye ataitwa Mama, na nitamweka katikati ya majike wote, awafundishe kuzaa.