Miguu ya Kimondo

Jumatatu, 3 Juni

Nimedhalilishwa. Kocha ametukusanya wapiganaji wote mbele ya televisheni ya jimu, akaonyesha mapambano yangu mawili. La kwanza nina miaka ishirini na minne. Mateke thelathini na moja! Mimi huyo, Kimondo, naruka kizimbani kama nimekanyaga kaa la moto. La pili ni la mwaka jana, nina arobaini. Mateke manne. Moja limempata refa. Muda uliobaki nimemkumbatia mtu kwenye wavu wa kizimba.

Kocha anasema ndivyo umri unavyombadilisha mpiganaji. Miguu huaga kwanza, kasi huifuata, mshiko hubaki hadi mwisho. Mchezo wetu una ngumi, mateke na mieleka, basi nishike mieleka niache mengine. Ati miaka ya kung'oa matairi imenipa mikono ya koleo. Karakana niliianzisha mwenyewe kwa jeki ya kuazima, lakini leo inatajwa kama vile ilijengwa ili nikabe watu! Nyuma kuna mtu akanong'ona jina ambalo mashabiki wamenipachika siku hizi. Blanketi. Kwa sababu namlalia mpinzani mpaka apate joto.

Kisha pigo lenyewe. Jumamosi napigana na Kiberiti, kijana wa miaka ishirini na miwili. Nikishindwa, natolewa kwenye kikosi cha wapiganaji na kukabidhiwa darasa la watoto wa chekechea. Mimi! Kufunga watu kamba za viatu!

Jumanne, 4 Juni

Nimeamka na mpango. Kiberiti akiamini kwamba miguu yangu imerudi, atainua mikono alinde kichwa. Kiuno kitabaki wazi kama mlango wa duka. Hapo naingia, nakaba, nalaza. Kocha mwenyewe ameukubali, akasema hatimaye nimekua. Hiyo "hatimaye" haikuwa na ulazima.

Shemeji yangu, kaka wa mama watoto, ni kinyozi. Nimempa siri kwamba Kimondo anapiga teke la kichwa kama zamani, nikamkataza asimwambie mtu yeyote. Kwa shemeji, hiyo ni sawa na kukodi kipaza sauti. Jioni ameleta taarifa. Habari imefika kote, ila wateja wamecheka mpaka amemkwaruza mmoja sikio. Wanataka ushahidi.

Jumatano, 5 Juni

Ushahidi upo! Karakana ina shimo la fundi kusimama anapokagua gari kwa chini. Shemeji ameingia shimoni amevaa kofia, kichwa chake kikawa usawa wa kiuno changu. Mama watoto amelala kifudifudi na simu. Kwenye video kinaonekana kichwa, kofia na mguu wangu ukipita. Shimo halionekani.

Mara ya kwanza nimepiga kabati. Mara ya pili nimempiga shemeji, akauliza kama dada yake hakuwa na wachumba wengine. Mara ya tatu kofia imeruka mpaka juu ya rundo la matairi! Mama watoto amecheka hadi simu ikamponyoka.

Alhamisi, 6 Juni

Video imesambaa. Watu wameandika: Kimondo amerudi! Mwingine: huo mguu una injini! Kocha amesikia kwamba Kiberiti amefanya mazoezi ya kulinda kichwa tangu asubuhi. Mpango unakwenda kama injini iliyotiwa mafuta.

Nimeitazama video tena. Halafu tena. Mguu ule, jamani. Unavyokata hewa! Mama watoto amenipita akauliza, baba watoto, unakumbuka kwamba kaka yangu alikuwa shimoni? Nimemjibu kwamba nimepiga hesabu, na shimo limechangia asilimia ishirini tu. Themanini ni kipaji.

Halafu amekwenda kuangalia kama barafu ipo ya kutosha kwenye friji. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 7 Juni

Kupima uzito. Baada ya mizani, wapiganaji husimama uso kwa uso, pua kwa pua, wakitishana mbele ya wapiga picha. Nimemkazia Kiberiti macho ya chui. Naye amenitazama, akainamisha kichwa kwa adabu, akasema: Shikamoo, mzee.

Nimejibu marahaba! Mdomo umejibu wenyewe! Tena nikaongeza, hujambo mwanangu, nyumbani hawajambo? Ukumbi mzima umeanguka kwa kicheko. Shemeji anadai hata mizani ilikuwa inatikisika. Kijana amenipiga kabla ya kengele, kwa heshima, na hakuna sheria inayomzuia.

Nimeapa. Kesho atajua mzee ni nani.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kwa kalamu ya daktari wa ukumbi.

Kengele imelia. Kiberiti ametoka amebana mikono masikioni kama mtu anayekimbia nyuki. Kiuno wazi! Wazi kabisa! Kocha anapiga kelele: kiuno, kiuno! Shemeji: kiuno, shemeji, kiuno! Mama watoto kutoka kiti cha mbele: baba watoto, kiuno!

Nimepiga teke.

Lilikuwa teke zuri. Limefika karibu na kiwiko chake, hapo msuli wa paja langu ukakaza kama waya. Nimemwangukia. Nikashika kitu cha kwanza nilichokipata, nacho kilikuwa kiuno. Tukaenda chini wote, mimi juu. Sikuachia. Ningeachia ningelia mbele za watu.

Raundi ya pili nimeanza nimesimama kwa mguu mmoja, kwa sababu mwingine ulikataa kushuka. Kiberiti akadhani nauandaa kwa teke. Mikono masikioni tena! Nikamwangukia tena. Ya tatu vilevile. Ukumbi mzima unaimba Blanketi, Blanketi, wengine wanacheza, mama watoto akiwa miongoni mwao.

Majaji watatu, wote wamenipa mimi. Refa alivyoinua mkono wangu nimeyumba, akanidaka. Nimebaki kikosini! Watoto watafute mtu mwingine wa kuwafunga kamba!

Jumapili, 9 Juni

Kitandani. Kocha amekuja na kikapu cha machungwa, amenishika mkono kwa muda mrefu, machozi yamemlengalenga. Amesema kuanzia raundi ya kwanza hadi ya mwisho sikupoteza mshiko hata mara moja, na kwamba amesubiri miaka mitano kuniona nikipigana kama mtu wa umri wangu. Shemeji naye anatangaza kinyozini kwamba mume wa dada yake ni gundi.

Nimefurahi, siwezi kukataa. Lakini nimeuliza kila aliyenitembelea, na hakuna hata mmoja aliyetaja teke. Hata mmoja!

Jumatano, 12 Juni

Kiberiti amekuja karakana. Shikamoo yake ya leo nimeipokea vizuri. Amesema hajawahi kukabwa vile, alijisikia kama amebanwa na mlango wa gereji. Ameomba nimfundishe ule mshiko.

Nimemweleza ukweli, kwa upole, kama baba. Mshiko ulikuwa ajali. Kilichomtisha tangu mwanzo ni mguu, basi nitamfundisha mguu. Alianza kusema, lakini mzee. Nimemnyamazisha. Nimesogeza matairi, nikamwambia atazame nyonga. Kwa kuwa paja la kulia bado linauma, nimetumia la kushoto.

Sasa naandika nimelala sakafuni. Kiberiti amenifunika koti lake, amekwenda kumwita mama watoto. Nasikia wanacheka huko nje, sijui nini.

Nimepiga hesabu. Kwa mguu mmoja, pambano nimeshinda. Huu wa pili ukipona, nguvu ni mara mbili. Nimemtumia kocha ujumbe: pambano lijalo naanza na miguu yote miwili kwa pamoja.