Taya Langu na Kipaza Sauti cha Stesheni

Jumatatu, 4 Machi
Taya limelia tena kazini. Ka! Katikati ya "abiria wote mnaombwa". Kipaza sauti hakina siri, stesheni nzima imesikia. Mkata tiketi, ambaye tunamwita Asali kwa ajili ya sauti yake, akauliza kama nimetafuna mfupa. Abiria wakacheka. Moyoni nachemka. Ijumaa mkuu wa stesheni anatusaili kwenye kipaza sauti na kuchagua mtangazaji wa kudumu, mimi au Asali. Miaka yote hii nakaimu! Sikubali kunyang'anywa tonge mdomoni.

Jumanne, 5 Machi
Kwa daktari wa meno. Mama mmoja mpole, ila hana haraka hata chembe. Kanibandika vidude vya umeme mdogo mashavuni, vya kulegeza misuli. Mashavu yakaanza kucheza yenyewe huku mimi nimetulia kama bwana harusi. Anasema meno yangu hayakutani sawasawa, basi misuli inahangaika kuyakutanisha, ndiyo maana kichwa kinauma na taya linalia. Misuli ikilegea, taya lenyewe huonyesha linapotaka kukaa. Akachukua kipimo hapo hapo. Kesho nitavalishwa kifaa cha plastiki juu ya meno ya chini, usiku na mchana, na kila wiki atakisugua kidogo kadiri misuli inavyotulia. Baadaye ndiyo tuamue: kufunga nyaya au kuvika meno kofia. Nikauliza baadaye lini. Miezi, akasema. Miezi! Mimi nina Ijumaa.

Jumatano, 6 Machi
Nimevaa. Raha iliyoje! Nimetangaza treni ya saa nne bila mlio hata mmoja. Asali kanuna. Nikamwambia, kwa upendo tu, kwamba taya lake nalo naliona limekwenda upande. Kashinda kwenye kioo cha chooni, foleni ya tiketi ikafika mlangoni.
Ila kifaa kinagusa kulia kabla ya kushoto. Kidogo mno. Daktari kasisitiza nisikiguse, nirudi wiki ijayo. Haraka haraka haina baraka, wanasema wasio na usaili.

Alhamisi, 7 Machi
Nimechukua tupa ya kucha ya mke wangu. Nikasugua kulia. Kushoto kukawa juu. Nikasugua kushoto. Kulia kukawa juu. Mke wangu akachungulia, akauliza nasaga nini. Nikasema najitibu. Akasema mtu aliyekata miguu ya meza ili isiyumbe, mpaka meza ikawa kigoda, asiuguse mdomo wake. Wivu tu.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa! Mkuu kakaa, Asali kakaa, abiria tele. Nikaanza: "Abiria waaa..." Taya likagoma. Halifungi! Mdomo wazi, kipaza sauti wazi, na "aaa" yangu inatoka kila pembe ya stesheni. Jukwaa la pili walikimbia wakidhani king'ora cha moto. Asali ndiye aliyenipeleka kwa daktari, kanishika mkono kama babu yake. Fedheha! Daktari akalirudisha taya kwa vidole gumba, akakigeuzageuza kifaa, akauliza nani kakitafuna. Nikasema panya.
Kazi kapewa Asali. Nimelia, sifichi. Nyumbani hakuna anayenisikiliza. Pale stesheni nikisema ondokeni mstarini, watu wazima na mabegi yao walikuwa wanaondoka.

Jumapili, 10 Machi
Kuanzia kesho nakata tiketi. Daktari anatengeneza kifaa kipya. Nimeapa mbele ya mke wangu kwamba sitakigusa, na sitakigusa.
Mama mkwe kaja kututembelea. Meno yake ya bandia yanambana, maskini, hata nyama hatafuni. Mke wangu anasema kesho atampeleka kwa daktari. Akahangaike na foleni mtu mzima, wakati mkwe wake yupo? Sasa mama anapumzika baada ya chakula cha mchana, meno yamo kwenye bilauri. Kosa langu Alhamisi lilikuwa moja tu: tupa ya kucha ni laini mno. Nimeazima ya seremala.